Upendo Usioweka Daftari: Namna ya Kuanza Kubadilika Ndani ya Ndoa

Mimi ni mhasibu. Nimefanya kazi ya hesabu miaka 23, na miaka 19 kati ya hiyo nimekuwa mume. Natanguliza kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyoniponza nyumbani. Niliingia kwenye ndoa na jicho lile lile la ofisini, jicho la kutafuta kilichopungua.

Kila alfajiri, saa kumi na moja, nilikuwa naamka kusali. Nilikuwa na daftari la maombi nililoligawa: ukurasa wa watoto, wa kazi, wa kanisa, na ukurasa wa mke wangu. Ule wa mke wangu ulikuwa na vipengele 14, nimeviwekea namba. Bwana, mpe utulivu wa ulimi. Bwana, mfundishe kutunza muda. Bwana, mlainishe moyo kwa ndugu zangu. Nilikuwa naomba kwa dhati, na siku nyingine machozi yalinitoka. Asubuhi moja, mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu, nilirudi chumbani nikamkuta ameketi pembeni mwa kitanda na daftari liko mapajani mwake. Hakupandisha sauti. Akasema, "Baba watoto, sikujua kwamba kila siku unatangulia kwa Mungu kunishtaki."

Sikuwa na jibu. Siku nzima neno lile lilinikaa kooni. Jioni nikafungua Ufunuo 12:10, nikamkuta mwenye kazi hiyo: mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mbele za Mungu mchana na usiku. Na Waebrania 7:25 inamtaja Kristo, ambaye yu hai siku zote ili kuwaombea. Wote wawili wanasema habari zetu mbele za Mungu, mmoja anashitaki na mwingine anaombea. Mimi nilikuwa nimepiga magoti miaka yote ile nikifanya kazi ya yule wa kwanza, na nikadhani ni ibada.

Njia ninayoieleza hapa nimeipita mwenyewe tangu asubuhi ile. Mimi si mchungaji. Ila mke wangu na mimi tumeketi na wanandoa wengi kanisani kwetu, na karibu kila mara nimelikuta daftari lile lile, hata kama kwa wengine limeandikwa kichwani tu.

Anza na maombi yako

Kwa siku 30, usimwombe Mungu ambadilishe mwenzako katika jambo lolote. Najua unavyojisikia ukisoma hivyo. Una hoja nzito, na pengine ni za haki kabisa. Mungu anazijua tayari, na hutazisahau kwa mwezi mmoja.

Badala yake, kila siku fanya mambo matatu. Kwanza, mshukuru Mungu kwa jambo moja la mwenzako ulilolishuhudia ndani ya saa 24 zilizopita. Lisiwe sifa ya jumla kama "ni mchapakazi". Liwe tukio: jana usiku aliamka mtoto alipokohoa, mimi nikajifanya sijasikia. Utaona mara moja kwamba shukrani ya namna hii inakufichua na wewe. Pili, jiulize leo amebeba mzigo gani, halafu umwombee nafuu katika mzigo huo. Kama hujui amebeba nini, hilo ndilo jibu la maombi yako ya siku hiyo: kamuulize. Siku yangu ya kwanza niligundua kwamba sikujua. Niliishi na mtu, tukalala kitanda kimoja, na sikuweza kumwambia Mungu mke wangu anaogopa nini wiki ile. Tatu, maliza kwa Zaburi 139:23-24, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Isome polepole, ukae kimya angalau dakika mbili. Usichunguze wewe. Acha uchunguzwe.

Kuna aya nyingine ambayo waume tunapaswa kuitazama bila kukwepa. Petro wa kwanza, sura ya 3, mstari wa 7, inawaambia waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Mtu anaweza kuamka alfajiri kila siku ya maisha yake na maombi yake yakazuiliwa na namna anavyomsemesha mkewe saa mbili baadaye.

Kagua siku kabla ya kulala

Ignasi wa Loyola, padri Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti na kufariki mwaka 1556, aliwafundisha watu mazoezi ya kujichunguza yenye hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kupitia siku, kuomba msamaha, na kukusudia la kesho. Mimi si Mkatoliki, lakini nimeyachukua jinsi yalivyo kwa sababu ni mepesi na yanachukua robo saa tu.

Kwa mtu aliye kwenye ndoa, napendekeza sehemu ya kupitia siku iangalie nyakati tatu tu: dakika za kwanza mlipoonana baada ya kazi, wakati wowote mliopishana kauli, na wakati mwenzako alipokuomba kitu. Rudi kwenye kila kimoja kama unayetazama picha. Nilikuwa nimesimama wapi? Sauti yangu ilikuwaje? Macho yangu yalikuwa kwake au kwenye simu? Usitafute alichofanya yeye. Akili itakukimbiza huko kila mara, nawe uirudishe kila mara. Bwana wetu alilisema hili kwa habari ya boriti na kibanzi, na wahenga wetu wakalisema kwa habari ya nyani na kundule.

La kesho liwe dogo na liwe na saa yake. "Nitakuwa na subira" ni kauli isiyoshikika. "Kesho nikifika nyumbani, sitasema lolote kuhusu nyumba mpaka nimemuuliza siku yake imekwendaje na nimesikia jibu lote" ni jambo unaloweza kulifanya, au ukashindwa na kujua kwamba umeshindwa.

Chukua kitambaa, lakini soma mstari wa tatu kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoanguka vibaya kuliko nilivyoanguka na daftari.

Baada ya wiki kadhaa za maombi mapya nilitaka kupenda kwa vitendo. Nilisoma Yohana 13, Yesu anavyowaosha wanafunzi miguu, nikaamua kuchukua kazi moja ya nyumbani ambayo hakuna anayeitaka. Nikachagua vyombo vya usiku. Kila siku, wote wakishalala, mimi na beseni. Sikumwambia mtu. Wiki ya kwanza nilijisikia mtakatifu. Wiki ya pili nilianza kuviweka mahali ambapo mke wangu angeona vimeng'aa. Wiki ya tatu tulipishana kauli juu ya jambo dogo, nami nikafyatuka: "Nani ameosha vyombo wiki tatu hizi? Umewahi hata kusema asante?"

Aliniangalia kwa muda. Akasema, "Kumbe ulikuwa unanikopesha."

Nilikuwa nimefunga daftari la makosa yake na kufungua lingine, la wema wangu. Na lile la pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani kama dhambi. Paulo, katika 1 Wakorintho 13:5, anasema upendo "hauhesabu mabaya." Neno la Kigiriki alilotumia pale, logizomai, lilikuwa neno la wenye hesabu: kuingiza kwenye kitabu, kuandika kwa jina la mtu. Ni neno hilo hilo analolitumia katika 2 Wakorintho 5:19, anaposema Mungu aliupatanisha ulimwengu na nafsi yake "asiwahesabie makosa yao." Makosa yalikuwepo, na kalamu ilikuwepo, lakini hakuandika. Upande wa pili wa hesabu Yesu mwenyewe ameufunga katika Mathayo 6:3: utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Kwa hiyo usiandike makosa ya mwenzako, wala usiandike wema wako. Hakuna safu inayobaki.

Wahenga walituambia tenda wema uende zako. Ushauri huo ni rahisi barabarani. Kwenye ndoa huendi zako. Unatenda wema, halafu unabaki nyumba ile ile, unakaa kiti kinachotazamana na cha aliyetendewa, unasikia kwamba hakusema kitu, na kesho mko pamoja tena. Ndiyo maana nguvu ya mtu peke yake haitoshi. Itatosha wiki tatu.

Kosa langu lilikuwa kuanza kusoma Yohana 13 kwenye mstari wa nne, Yesu anapoweka kando mavazi na kujifunga kitambaa kiunoni. Mstari wa tatu unaeleza kilichotangulia: "Yesu, hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, na ya kuwa alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu." Aliinama akiwa ameshiba. Hakuwa anatafuta kitu miguuni pa wale watu, wala hakuwa na haja ya kusikia asante ili ajue yeye ni nani. Ndiyo maana aliweza kuiosha hata miguu ya Yuda, akijua yaliyo moyoni mwake. Mimi niliinama nikiwa na njaa, na mwenye njaa akitoa kitu, anakopesha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuchukua kazi yoyote ya kumtumikia mwenzako, tenga dakika kumi kila siku za kupokea. Usiombe kitu. Chukua mstari mmoja unaosema vile Mungu anavyokuona, kwa mfano Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," au Warumi 8:1, kwamba sasa hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Kaa nao. Mawazo yakikimbia, yarudishe bila kujilaumu. Mimi ilinichukua miezi kabla sijaacha kuiona dakika kumi hiyo kama muda uliopotea. Lakini ndiyo mzizi wa mambo mengine yote. Yesu alisema katika Yohana 15:5 kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote. Na Warumi 12:2, ukiisoma vizuri, haisemi mjigeuze. Inasema mgeuzwe.

Baada ya hapo chagua kazi yako. Iwe ndogo, iwe ya kila siku, iwe ile inayomchosha yeye na siyo inayokupendeza wewe. Ukijisikia kuitangaza, ichukue kama taa ya tahadhari: rudi kwenye dakika kumi. Hakuna haja ya kuiacha kazi, kwa maana vyombo ni vyombo, vinahitaji kuoshwa hata moyo ukiwa umechafuka.

Kuomba radhi kwa njia ya mwana mpotevu

Watu wengi hawajui kuomba radhi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. "Samahani kama nimekukosea" si kuomba radhi. "Samahani, lakini na wewe…" ni mashitaka yaliyovaa kanzu. Tazama mwana mpotevu katika Luka 15:21: "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena." Hakutaja njaa iliyoingia nchi ile, wala kwamba hakuna mtu aliyempa kitu.

Taja kitu chenyewe: "Jana mbele ya wageni nilikukatiza mara mbili na nikacheka ulichosema." Taja kilichomfanyia, kama unakijua: "Nilikuaibisha." Kisha omba: "Naomba unisamehe." Halafu nyamaza. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu. Mwenzako anaweza kulia, anaweza kunyamaza pia, anaweza kukumbusha mengine matano. Usijitetee hata kwa lile ambalo amekosea tarehe. Msamaha ni wake, atautoa kwa wakati wake.

Kuhusu Waefeso 4:26, "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka," nimeona wanandoa wakikesha hadi saa nane usiku wakijaribu kumaliza mazungumzo kwa kuogopa kuvunja aya hii, wakaishia kuumizana zaidi kwa uchovu. Aya inazungumzia uchungu. Haikudai kila mjadala ufungwe kabla ya kulala. Mnaweza kusema, "Nakupenda, sikuchukii, tutaliongea kesho saa kumi na mbili jioni," mkaombeana kwa sentensi moja moja, mkalala. Ila hiyo saa kumi na mbili ifike kweli. Ahadi ya kuongea kesho isipotimizwa, huwa ni zulia la kufunikia taka.

Kusikiliza sitakueleza kirefu. Yakobo 1:19 imemaliza: kila mtu awe mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema. Ila jaribu jambo hili moja: kabla ya kujibu, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali, "Ndiyo, ndicho nilichosema." Mara tatu katika kila nne nilikuwa najiandaa kujibu kitu ambacho hakukisema.

Na la mwili, kwa kuwa watu huona aibu kuuliza: 1 Wakorintho 7:4 inaenda pande mbili. Mke hana amri juu ya mwili wake, na vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake. Anayeitumia nusu ya kwanza kudai haki na kuiruka nusu ya pili hajaisoma. Katika mahali hapa hasa, upendo usiotafuta mambo yake huuliza kwanza, na ukiambiwa leo hapana, haununi.

Kujitoa si kuvumilia kipigo

Nasema hili waziwazi kwa sababu nimeona mafundisho kama haya yakigeuzwa kamba ya kumfungia mtu. Kama mwenzako anakupiga, anakutisha, anakulazimisha kimwili, au anawaumiza watoto, hatua yako ya kwanza si dakika kumi za ukimya. Ni kufika mahali salama na kumwambia mtu atakayekuamini na kuchukua hatua, vyombo vya sheria vikiwemo. Kumsamehe mtu moyoni kunawezekana ukiwa mbali naye. Kiongozi wa dini anayekwambia urudi ukavumilie zaidi anakushauri vibaya, hata kama ananukuu Maandiko.

Na wale wanaopenda kunukuu Waefeso 5:22, kwamba wake wawatii waume zao, waanze mstari mmoja juu, 21, unaowataka wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo, kisha washuke hadi 25, ambapo mume anaambiwa apende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Yohane Krisostomo, askofu mkuu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, akiihubiri sura hii aliwaambia waume kwamba hata wakiutoa uhai wao na kukatwa vipande mara elfu kumi kwa ajili ya wake zao, bado hawatakuwa wamefanya kitu cha kulingana na alichofanya Kristo. Kichwa cha nyumba kwa kipimo hicho ni anayetangulia kufa kwa nafsi yake. Sijui namna nyingine ya kuisoma.

Kama unaanza peke yako

Wengi wanaouliza ni wale ambao mwenzao hana habari. Anza hivyo hivyo. Usimtumie mwenzako makala haya, usiyaache mezani yakiwa wazi. Hiyo nayo ni namna ya kushitaki. Usimwambie umeanza mpango. Siku utakayomwambia, utaanza kumsubiri aone, na kusubiri kuonwa ni kufungua tena lile daftari la pili.

Tafuta hata hivyo mtu mmoja mkomavu wa jinsia yako, asiye na mdomo mwepesi, umweleze makosa yako mwenyewe mara moja kwa wiki au mbili. Yakobo 5:16 inatutaka tuungamane dhambi na kuombeana. Sheria tuliyojiwekea mimi na mzee ninayemwendea ni kwamba naruhusiwa kueleza nilichofanya mimi tu. Nikianza "mke wangu naye…" ananyanyua mkono, nami naanza sentensi upya.

Utaanguka. Mimi nimeanguka mwezi huu. Nilimsahihisha mbele ya watoto juu ya kiasi cha fedha ambacho, ilipohesabiwa, yeye ndiye alikuwa sahihi. Usiku nikapita hatua zile tano, asubuhi nikaomba radhi mbele ya watoto wale wale, kwa sababu kosa la hadharani radhi yake ni hadharani.

Watu huniuliza itachukua muda gani na watajuaje kama wanabadilika. Nawashauri wasijipime wenyewe. Kwangu ilipita karibu miaka miwili. Jioni moja niliingia nyumbani, viatu vya watoto vimetapakaa mlangoni, taa ya korido imeungua, nikaketi karibu naye nikamuuliza siku yake. Akanieleza. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Unajua, siku hizi nikisikia funguo zako mlangoni, siangazi tena macho huku na huku kutafuta nyumba ina kasoro gani."